Meno Manne ya Mpiga Tarumbeta

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeng'ata udongo. Daktari wa meno ana jina lake la kitaalamu, mimi naona udongo tu – wa waridi, laini, una ladha ya dawa ya mswaki. Ameujaza kwenye kijibati chenye umbo la taya, akausukuma juu, akaniambia nipumue kwa pua nisiogope. Kupumua! Mtu aliyepuliza tarumbeta miaka ishirini na sita anafundishwa kupumua. Nikatii. Dakika tatu mate yananitiririka hadi kwenye kola, yeye ananishika kichwa kama mtoto anayenyolewa.

Udongo ulipotoka nikaona mdomo wangu kwa nje. Meno yaliyobaki yamechimba vishimo vyao. Pale mbele juu – uwanja mtupu. Manne. Njiani nikayahesabu tena mapengo kwa ulimi, kana kwamba jino moja lingeweza kuwa limebadili mawazo.

Mke wangu akauliza kama imeuma. Haikuuma! Nashukuru. Mwezi uliopita nilikuwa bado naishia kwenye ngazi za kliniki ile na kugeuza. Yeye ndiye aliyenipandisha, amenikamata kiwiko, hataki maelezo.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya bendi. Bado nagonga matoazi. Nasubiri, nasubiri, nasubiri, nagonga mara moja, nasubiri tena. Mwaka na miezi miwili sasa, tangu siku ile tulipopanda nyuma ya pikapu kutangaza onyesho. Sita tumesimama tunapiga, Kiongozi wetu yuko kwenye usukani. Mbuzi akakatiza. Breki! Tarumbeta ilikuwa mdomoni. Meno mawili yaliruka palepale, mawili yakalegea, hospitalini wakayamalizia. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Tarumbeta ya kwanza anapiga Nyuki. Ni kiti changu, lakini yeye ni mwanafunzi wangu, kwa hiyo naumia nusu nusu. Nimemfundisha tangu ana miaka kumi na mitano. Sasa ni mwanamke mzima, karani wa benki. Jina tulimpa sisi kwa ile sauti aliyokuwa akiitoa mwezi wa kwanza. Siku hizi anapiga vizuri. Vizuri sana – naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Baada ya mazoezi Kiongozi akanivuta pembeni. Tarehe kumi na mbili Aprili bendi inatimiza miaka arobaini, tutapiga ukumbini, tiketi zinachapishwa. Anasema kiti cha kwanza amenitunzia. Lakini ifikapo tano Aprili lazima ajue kama naweza au siwezi. Alikuwa anaongea na kifungo cha shati langu. Tangu siku ya pikapu hajanitazama usoni sawasawa. Sijamlaumu hata mara moja. Mbuzi ni mbuzi.

Nakitaka kiti changu. Basi, nimeandika.

Jumanne, 11 Machi

Nimekutana na fundi wa meno. Si daktari, huyu ndiye anayeyatengeneza. Ana kachumba nyuma ya kliniki: meza, taa ya spiriti, nta, plasta, na taya za watu zimepangwa rafuni kila moja na namba yake. Yangu namba 114. Mtu mpole, miwani imefungwa kamba, redio inaongea chini chini.

Akaniuliza nina picha ya zamani inayoonyesha meno. Nikamwambia picha ya nini! Mawili yangu ya kati yalikuwa yamepandiana, moja limemkalia mwenzake begani, shuleni waliniita Foleni kwa sababu meno yangu yalisukumana. Nikasema fundi, mimi niwekee yaliyonyooka kama ya watangazaji wa televisheni. Sawa, mzee. Akaandika.

Akauliza: kazi? Nikasema mstaafu wa posta. Ni kweli, nimestaafu posta. La tarumbeta sikulisema. Ningelisemaje? Mpiga tarumbeta anayegonga matoazi!

Jumatatu, 17 Machi

Majaribio. Meno yamechomekwa kwenye nta, hayajawa meno bado. Nikapewa kioo. Yamenyooka! Daktari akasema niseme sita, sitini, sitasita. Nikasema kwa kitembe kikubwa, tukacheka wote watatu, nta ikaanguka mapajani.

Ijumaa, 21 Machi

Nina meno!

Nitaandika vizuri, hatua kwa hatua. Saa nne asubuhi. Daktari akayachovya kwenye maji, akayaingiza, tak. Plastiki ya waridi inakaa kwenye kaakaa, vishikizo vya waya vinakumbatia meno ya pembeni. Mdomo umejaa, najiona nimeweka kijiko nikasahau kukitoa. Mate yanamwagika. Daktari anasema ni kawaida, mdomo unadhani ni chakula. Masharti: usiku yalale kwenye kikombe cha maji. Yasafishwe kwa sabuni, siyo kwa maji ya moto. Wiki mbili hakuna vitu vigumu. Sikumuuliza habari za tarumbeta kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anaanika nguo. Nikasimama mlangoni nikatabasamu. Alishika pindo la shuka muda mrefu. Halafu akasema: huyu bwana nilishamuona mahali. Akaingia ndani haraka, nikamsikia anapenga kamasi. Mwaka mzima nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja, nikidhani haoni.

Nimekula ganda la mkate. Nimelitafuna kwa mbele, mwenyewe, kwa heshima zote. Mungu awabariki wale wawili, daktari na fundi. Sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekula jeuri yangu.

Mke wangu katoka kwenda kwa dada yake. Nikafunga madirisha. Nikaitoa tarumbeta chini ya kitanda, nikaifuta, nikazipaka valvu zake mafuta, nikaweka kipulizio mdomoni.

Hewa. Hewa tupu, kama bomba siku maji yamekatika. Nikasukuma zaidi, meno yakaachia, yakaniangukia kwenye ulimi. Nikayarudisha. Tena. Nikapata sauti moja, mbaya, pana, haina mwenyewe. Kipulizio kinatelezateleza, hakijui kikae wapi. Nusu saa. Mdomo umevimba.

Nimeketi kitandani tarumbeta mapajani, mzee mzima, machozi yananitoka. Wiki mbili zijazo ndiyo tano Aprili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kutubu. Daktari alinitazama mdomo, akasema mzee, umefanya nini? Nikaeleza. Hakunigombeza, ila alivua glovu taratibu mno, ningeona nafuu angenigombeza. Akanipeleka mwenyewe nyuma kwa fundi.

Fundi akauliza tena: kazi? Nikasema tarumbeta. Akazima redio. Akavaa miwani, akanisogeza dirishani, akanishika kidevu. Akaona kitu ambacho mimi kila asubuhi nakiona kwenye kioo wala sikitilii maanani – alama ya duara kwenye mdomo wa juu. Ya kipulizio, ya miaka yote ile. Akaniambia, mzee, alama yako haiko katikati. Iko kushoto.

Ni kweli. Iko kushoto kwa sababu lile jino lililojikweza kushoto ndilo lilikuwa linashikilia kila kitu! Kipulizio kilikaa pale, kimeegemea pale. Noti zangu zote za maisha zilisimama juu ya jino lililopinda. Na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikaomba yanyooshwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Fundi akavunjika mbavu kwa kicheko, akalazimika kukaa. Akasema: miaka ishirini na mbili nanyoosha meno ya watu, mzee, wewe wa kwanza kuniomba niyapinde. Meno yaache hapa. Njoo Jumatano. Njoo na hiyo tarumbeta.

Jumatano, 26 Machi

Siku ndefu, ya ajabu. Niiandike yote.

Nimefika saa mbili na begi la tarumbeta, watu kwenye benchi wananitazama wakidhani nimepotea njia. Fundi alikuwa ameshayang'oa mawili ya kati kutoka kwenye plastiki na kuyasimamisha kwa nta. Akasema funga macho, shika kipulizio peke yake, kiweke pale mdomo unapotaka, usifikiri. Nikaweka. Akaweka alama kwa kalamu. Nitoe. Nirudie. Mara sita, na mara sita kikaenda palepale, kushoto. Akasema: mdomo wako unakumbuka kuliko wewe.

Basi akaanza. Analisogeza jino kwa kisu kidogo cha moto, unene wa ukucha. Ananivalisha. Puliza kidogo, mzee, kidogo tu, ni nta hiyo. Napuliza. Hapana. Anatoa, anapasha, anasogeza. Puliza. Hapana. Nje kwenye benchi nikasikia mtu anauliza, huyo anang'olewa lipi jamani? Kicheko. Daktari akachungulia, akasema mgonjwa wake amecheka sindano ikiwa mdomoni, tupunguze. Lakini hakufunga mlango.

Mara ya tisa, au ya kumi – jino limempandia mwenzake begani kama zamani – nikaweka kipulizio na kikakaa. Naandika kikakaa, sina neno jingine. Kama ufunguo wa mlango wako mwenyewe. Nikapuliza, ikatoka noti ya katikati, nyembamba, fupi. Lakini ni yangu! Fundi akasema shsh, akanyoosha mkono, akanichukua meno mdomoni kabla sijayaharibu.

Ameongeza vishikizo viwili kwenye magego ili plastiki isiachie. Alasiri yakawa tayari, yamekaushwa, yamesuguliwa kwa tupa na kung'arishwa. Nikajitazama kwenye kioo. Foleni yuleyule. Mbaya kabisa. Nikamkumbatia fundi, vumbi la plasta likanijaa koti.

Nilimwambia sitamsahau. Akajibu: usinisahau kwenye tiketi basi.

Alhamisi, 27 Machi

Mke wangu kayaona. Kasema: sasa ndiyo wewe. Yale ya kwanza nilikuwa nayaheshimu tu.

Jumanne, 1 Aprili

Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kwa ruhusa ya daktari. Noti ndefu, za chini. Naweka saa mezani kama mwanafunzi. Jana nilipanda ngazi nzima ya katikati bila kukatika. Jirani wa juu kagonga sakafu – zamani alikuwa akigonga kwa hasira, leo kagonga kwa mdundo.

Za juu bado. Nikifika kule plastiki inacheza kidogo, unywele tu, na mdomo unaogopa. Daktari anasema ni miezi, siyo siku. Mimi nina siku nne.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijaipata hata mara moja ile noti ya mwisho. Ile ya wimbo wa kufungia, tarumbeta ya kwanza inapanda peke yake juu ya wote na kubaki pale. Kesho nitajaribu mbele yao. Nimepiga moyo konde. Mke wangu kasema atakuja.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeipata!!

Mazoezi ya wimbo mzima, kiti cha kwanza, Nyuki kushoto kwangu kwenye cha pili. Ameniachia mwenyewe, hata hakusubiri kuambiwa. Alisema shikamoo Mwalimu, akafuta kiti kwa leso yake, akahamia pembeni. Nilipiga kwa tahadhari. Katikati nilipotea mstari mmoja, nikarudi. Kisha mwisho. Nikavuta pumzi, nikapanda, nikahisi plastiki inaachia, nikafumba macho nikasema imekwisha – na noti ikasimama! Juu, wazi, ndefu. Nilifumbua macho wote wamesimama. Mpiga ngoma kubwa analia, lile jitu lote. Kiongozi akaja akanishika mabega mawili na kunitazama usoni. Usoni! Mara ya kwanza tangu mbuzi. Akaandika jina langu kwenye karatasi ya onyesho palepale, kalamu ikatoboa.

Nashukuru. Nashukuru daktari, fundi, mke wangu, ile nta, yule mtu wa benchi aliyeuliza nang'olewa lipi. Nimelala chali naandika, kikombe cha meno pembeni, natabasamu na mapengo yangu manne. Mke wangu kimya. Nadhani amelala.

Jumapili, 6 Aprili

Mpiga ngoma kubwa ametuma rekodi ya jana kwa simu. Nimeisikiliza jikoni, mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili nikaacha kutafuna.

Noti ile inaingia kwa chini kidogo, kisha inapanda mahali pake. Kama mtu anayejikwaa kizingitini halafu anasimama wima. Mimi siingii hivyo. Sijawahi. Anayeingia hivyo namjua, nimemgombeza kwa hilo miaka kumi na mmoja, nikamchorea kwenye karatasi, nikampigia mfano, haachi.

Nikairudisha nyuma. Noti yangu ipo. Iko chini yake, inaanza vizuri, inakatika. Robo sekunde. Halafu ni yeye.

Nikampelekea mke wangu simu bila kumwambia kitu. Alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza, pasi imesimama hewani. Akasema: huyo ni Nyuki. Nikamuuliza jana ulijua? Akasema nimelala na sauti yako miaka ishirini na sita, ningekosaje kujua. Ulikuwa na furaha, nikanyamaza. Akaendelea na kola.

Sikuweza kula. Nilikasirika kwanza, niseme kweli. Nilijiona mtoto aliyeshikwa baiskeli kwa nyuma. Kisha mchana nikaifikiria robo sekunde ile. Alikuwa na karatasi ya sauti ya pili mbele yake. Noti yake pale ni nyingine kabisa, ya chini. Kwa hiyo alikuwa ananisikiliza mimi, siyo anasoma. Alisikia naanguka kabla mimi mwenyewe sijajua. Akaruka kutoka alipo, akanidaka, akashusha tarumbeta, na watu walipopiga makofi alipiga makofi pia. Nilimuona. Alipiga kuliko wote.

Nani amewahi kunifanyia jambo kubwa kuliko hilo? Na hakusema.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilimwomba aje akitoka kazini. Amekuja saa kumi na moja, bado ana beji ya benki kifuani, begi la tarumbeta mgongoni. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Mke wangu akaleta chai. Nikaweka simu mezani, nikacheza rekodi.

Hakubisha. Alitazama kikombe chake akasema: pumzi yako ilikatika, Mwalimu, nikashika. Nikamwambia asante. Nilitaka kusema mengi, likatoka hilo moja. Akasema si kitu. Halafu akasogea mbele kwenye kiti, akanong'ona kana kwamba Kiongozi yuko dirishani: Jumamosi nitashika tena. Wewe panda tu, ikikatika nipo. Hakuna atakayejua.

Kweli, hakuna atakayejua. Jina langu limeandikwa. Watu wangu wote watakuwepo, fundi nimeshampelekea tiketi. Nilikaa na hilo jibu mdomoni, tamu kweli kweli, kwa muda ambao si mfupi. Siwezi kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Kisha nikasimama, nikavuta viti viwili vya mezani, nikavipanga kama jukwaani. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa karatasi zote mbili. Ya sauti ya kwanza nikaiweka mbele ya kiti cha kwanza. Nikakaa kwenye cha pili, na ya pili yangu. Noti zake hazipandi sana. Nazimudu zote, nimezijaribu asubuhi, meno yametulia kama yangu ya kuzaliwa. Nikamwambia njoo, tuanze juu ya ukurasa, na leo ile noti utaiingia kwa juu, hatutoki hapa.

Akasema hapana. Nikasema kaa. Akasema Mwalimu, sikai hapo, hicho ni chako, nimekutunzia mwaka mzima, sikukitunza ili nikirithi ungali hai. Mke wangu akacheka, akaziba mdomo. Nikasema basi mimi sihami.

Sihami. Ndiyo maana naandika, daftari juu ya karatasi ya sauti ya pili, niwe na la kufanya. Yeye amesimama nyuma ya kiti, mikono kwenye mgongo wake, ananisubiri nichoke. Hanijui! Nilisubiri meno miezi kumi na minne. Chai imemiminwa mara ya tatu. Mke wangu ametutazama mmoja mmoja, kisha amekwenda kuchukua simu na kuiweka karibu yangu, namba ya Kiongozi imeshafunguliwa. Jina kwenye karatasi yake bado ni langu.

Nimesikia zipu ya begi. Ameitoa tarumbeta. Bado amesimama.